Vidonge Vyeupe vya Zulaikha

Mke wangu Zulaikha alikufa siku ya tisa ya Ramadhani, mwaka 2003, hapa Kamembe, Rwanda. Alikuwa na miaka thelathini na saba. Mtaani wanasema alirogwa. Wengine wanasema ni malaria. Hakurogwa. Malaria ilikuwapo, lakini peke yake isingemuweza. Aliacha vidonge vyeupe vilivyokuwa vinamweka hai, na aliyemwambia aviache ni mimi.

Naitwa Kamali. Natengeneza taa za karabai za wavuvi wa sambaza, wale dagaa wa ziwa Kivu, na kazi ndogondogo za bati. Shule sikukaa. Herufi nilizipata ukubwani, na maneno mengi sina. Nitasema tu yule mwanamke alikuwa nani, na mambo yalikwendaje.

Alizaliwa hapahapa, mtoto wa mshona kanzu. Nilimwoa akiwa na miaka ishirini na miwili, mimi arobaini. Kila asubuhi alikaanga mandazi mlangoni, na akicheka wanaume waliotoka msikitini waligeuka. Masikio yake yalikuwa makali. Mimi niko ndani najaza upepo kwenye karabai, naiwasha, yeye yuko nje kwenye mafuta yake, hajaiona hata taa yenyewe, anasema, "Mzee, ile inakohoa." Nikifungua nakuta ngozi ya pampu imekauka. Hakukosea hata mara moja.

Mtoto wetu wa kwanza alichukuliwa na surua. Mwezi wa saba 1994 tulivuka daraja la Rusizi pamoja na umati uliokimbia, tukakaa Bukavu, upande wa Zaire, kwa ndugu wa mama yake. Tuliogopa kama wote. Tulikaa miaka miwili. Huko akashika mimba tena.

Oktoba 1996 vita vikaingia Bukavu. Uchungu ulimshika siku ambayo hakuna aliyetoka nje. Aliyemzalisha ni jirani, Nyirabagenzi, mkimbizi kama sisi, mwenye mtoto wa miezi minne mgongoni. Wetu alitoka vizuri, msichana, tukamwita Teta. Kondo la nyuma likachelewa. Lilipotoka, damu ikafuata, na haikusimama. Nguo zote tulizokuwa nazo zililowa. Nyirabagenzi alimkanda tumbo kwa ngumi mpaka mikono ikamchoka. Kufika adhuhuri Zulaikha hakunijua. Midomo ilikuwa kama unga wa muhogo. Alasiri damu ikakatika yenyewe, na bado alikuwa anapumua. Nikasema Alhamdulillahi, yamekwisha. Niliamini hivyo miaka mitano.

Maziwa hayakuja. Siku ya pili, ya tatu, ya saba. Tulimpa uji wa mtama, tukampa mchuzi wa sambaza. Matiti yalilala kama ya msichana ambaye hajazaa. Nyirabagenzi akamnyonyesha Teta pamoja na wake, mmoja huku, mwingine huku, hata njiani mwezi wa kumi na moja tulipokuwa tunarudi Rwanda kwa miguu. Zulaikha alitembea nyuma yao amebeba sufuria. Alikuwa anamtazama mtoto wake kwenye ziwa la mwingine.

Kamembe tulikuta nyumba yetu ina mlango mmoja na nusu ya mabati. Nikaanza upya. Yeye pia alijaribu kuanza upya, mwili ukakataa. Siku zake za mwezi hazikurudi. Mwaka wa kwanza tulisema ni njaa. Mwaka wa pili tulisema ni huzuni, maana wanawake wengi wakati ule walikuwa wamekaukiwa. Wenzake wakarudi kuwa wanawake, wakazaa. Yeye hapana. Nywele za kwapani zikadondoka. Ngozi ikawa laini, haina rangi, kama nta. Alivaa sweta mbili jua likiwaka. Baridi ilipomzidi alipanda gari kwenda Nyakabuye kwa mama yake mdogo, huko kunakoshuka Bugarama, apate joto la bonde. Sauti ikawa nzito. Kicheko sikukisikia tena. Mandazi alikaanga ameketi, na siku nyingine usingizi ulimshika mkono ukiwa kwenye unga.

Sasa lazima niseme habari ya Ramadhani, maana ndiyo iliyotumaliza.

Hapa mtaani kwetu wanawake wenye udhuru wa damu hula mchana jikoni kwa dada yangu Mukankusi, nyuma ya nyumba. Kila mtu anajua, hakuna anayesema. Wanakaa juu ya vigogo, wanakula ugali wa jana, wanasengenya, wanacheka. Baada ya mwezi kila mmoja hulipa siku zake. Zulaikha hakuingia jiko lile Ramadhani sita. Alifunga siku zote, mwezi mzima, huku anatembea ameshika ukuta. Mwanzoni walimsifu. Waliniambia mke wangu ni wa peponi. Baadaye sifa zikageuka. Mukankusi alinijia karakana, akasema kaka yangu unaishi na bibi kizee wa miaka thelathini na tano, oa wa pili upate mtoto wa kiume. Nilimwambia aondoke. Lakini sikumwambia kwamba amekosea.

Mwanzo wa 2002 Zulaikha alianguka Nyakabuye, barabarani, mahali gari linaposhusha watu. Wakambeba mpaka kituo cha afya. Muuguzi pale alikuwa Védastine, Mkristo, Mnyarwanda aliyekulia Uvira akarudi nchini baada ya vita. Mwanamke mfupi, mkali, anavaa viatu vya kiume. Alimpa maji ya sukari kinywani, akamsubiri afumbue macho. Wengine wote walikuwa wameuliza anaumwa wapi. Yeye aliuliza jambo moja.

"Mama, ulipozaa wa mwisho, maziwa yalikuja?"

Zulaikha aliniambia kwamba alilia kabla ya kujibu. Miaka mitano hakuna aliyemuuliza.

Védastine alitupeleka mwenyewe Bukavu, kwa daktari aliyemjua, Munyemana. Vita vya pili vya Kongo vilikuwa havijaisha, lakini darajani watu walipita. Yule daktari alimtazama kucha, kwapa, ndani ya kope. Akachukua damu. Tulirudi baada ya wiki mbili, akatukalisha, akaongea polepole na mimi, maana aliona nasoma kwa shida.

Alisema hivi, kwa Kiswahili chao cha Bukavu. Chini ya ubongo wa kila mtu kuko kitu kidogo sawa harage. Hakina nguvu ya kuinua hata unyoya, lakini njo kinatuma ujumbe mwili mzima, kwa njia ya damu. Kila mwezi kinauambia mfuko wa mayai ya mwanamke uivishe yai. Mayai nayo yanajibu, yanatuma ujumbe wao juu, na harage likisikia linajua liongeze sauti ao linyamaze. Tumbo la uzazi linasikia mazungumzo yao, linatandika kitanda. Mimba isipokuja, kitanda kinatupwa nje, njo ile damu ya mwezi. Mwanamke akizaa, harage hilohilo linayaambia matiti yatoe maziwa. Tena kuko viungo viwili juu ya figo vinavyompa mtu nguvu ya kusimama akiwa na njaa, homa ao hofu. Navyo vinangoja neno la harage.

"Wakati wa mimba lile harage linavimba," alisema. "Linataka damu mingi kuliko siku zote. Mama alipomwaga damu ile, lilikosa, likakufa. Mayai yake iko. Matiti iko. Hakuna wa kuyasemesha."

Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Karabai inaweza kuwa na mafuta mpaka juu, kioo kizima, kitambaa chake kipya, na isiwake. Asiye fundi anabadilisha kioo. Kilichokufa ni pampu.

Nikamwambia hivyo. Akatabasamu, akasema Mzee njo amesema yote. Na sisi pampu mpya hatuna. Tutaingiza upepo kwa mkono, kila siku, mpaka mwisho.

Dawa zilikuwa za aina mbili. Vidonge vyeupe, vidogo, asubuhi kimoja na saa nane kimoja, pamoja na chakula. Hivyo vilishika nafasi ya ile nguvu ya juu ya figo. Akishikwa na homa, aongeze mara mbili. Akitapika, akimbizwe lopitali achomwe sindano ya dawa ileile. Asiache hata siku moja, na asifunge tena maisha yake yote. Daktari aliyarudia maneno hayo mara tatu, mara ya mwisho akiwa amenishika mkono. Aina ya pili ilikuwa pakiti ya vidonge vya rangi mbili, vya kumrudishia damu ya mwezi na kuilinda mifupa yake. Alisema wazi kwamba hiyo damu itakuwa ya dawa tu, haina yai ndani, asitazamie mimba.

Ile pakiti niliijua. Kila mtu Kamembe aliijua. Ni vidonge vya kuzuia mimba, vilevile wanavyogawa kituo cha afya, na mtaani kwetu mwanamke akikutwa navyo jina lake linaharibika. Mke wangu asiyeweza kuzaa alipewa dawa ya wasiotaka kuzaa. Zulaikha alisema tuifiche. Nilimtengenezea kopo la bati lenye mfuniko na ukuta katikati, huku vyeupe, huku pakiti. Hata Mukankusi hakujua.

Wiki tatu hazikuisha akavua sweta moja. Baada ya miezi miwili akavua ya pili. Shavu likajaa. Alisimama kukaanga. Na asubuhi moja, nimeshika karabai ya watu, nikasikia nje, "Mzee, hiyo nayo inakohoa." Niliketi chini.

Damu nayo ilikuja, siku ambayo daktari aliihesabu. Aliingia karakana akanong'ona kama msichana. Tukacheka wote wawili, wazee wajinga. Kuanzia siku ile mimi nikaanza kukosea. Niliona damu, nikasema moyoni, harage limefufuka. Daktari alikuwa amekataa kwa maneno yaliyo wazi. Lakini macho yana kelele kuliko masikio. Vidonge vya damu vilionyesha kazi yao kila mwezi. Vyeupe havikuonyesha kitu. Alikuwa anasimama tu, na mtu akisimama nani anauliza anasimama kwa nini?

Ramadhani ya 2002 hakufunga. Aliingia jiko la Mukankusi kwa mara ya kwanza tangu vita, na alifurahi kuketi na wenzake kwenye vigogo. Wiki ya kwanza walimpokea. Wiki ya pili wakatazamana. Mwisho wa mwezi alikuwa bado anakula, na uso unang'aa. Mukankusi akamwambia mbele ya wote, "Wifi, damu yako ni mto Rusizi? Sisi yetu siku tano, yako inatoka Kivu mpaka Tanganyika."

Walicheka. Zulaikha alicheka pia, akaniletea maneno hayo jioni kama mzaha. Mimi sikucheka. Kutoka siku ile nilisikia watu wakisema alipokuwa maiti alifunga, amepona sasa anakula. Hakuna aliyeniambia usoni. Nilisikia tu. Ningeweza kwenda kwa shehe nikamuuliza. Sikwenda. Ningeanzaje kumweleza shehe habari ya damu ya mke wangu, na ile pakiti?

Mwaka ukazunguka. Siku mbili kabla ya mwezi kuandama tulikuwa tunakula, Teta amelala, miaka saba. Nikasema Ramadhani hii ufunge.

"Daktari alikataza," alisema.

"Alikukataza ulipokuwa mgonjwa. Sasa damu inakuja kama ya wanawake wote. Vile vyeupe viache mwezi huu. Vya damu endelea navyo, uvinywe wakati wa daku."

Aliosha sahani zote mbili kabla ya kujibu.

"Wewe ndiye unasema?"

"Ni mimi ninasema."

"Haya."

Hakuna zaidi ya hapo. Hakubishana. Nimejiuliza mara nyingi kama naye alitaka. Sifa zile za zamani alizipenda. Lakini aliniuliza kwa sababu mimi ni fundi, na mimi nilishika kioo nikaacha pampu.

Siku nne alifunga vizuri. Ya tano akarudia sweta. Ya sita hakukaanga. Ya saba nilimwona ameshika ukuta, na nikageuza uso. Nilijiambia ni njaa, mwili umesahau kufunga. Siku ya nane homa ikapanda. Nilimwambia afungue, akafungua, akatapika kila kitu. Nikampa kidonge cheupe, akakitapika. Cha pili kikatoka pia. Alfajiri ya tisa alikuwa baridi kama bati. Aliniita kwa jina la baba yake.

Nilitia kopo mfukoni mwa koti. Hili nataka lieleweke. Nililichukua. Tulimbeba kwa machela na majirani, Mukankusi mbele, wanawake wawili wa lile jiko nyuma, mpaka lopitali. Aliyetupokea alikuwa muuguzi kijana, Rutayisire, mtu wa adabu. Alimpima damu ya kidole, akasema malaria iko, mingi. Alitundika maji ya kwinini. Alimshika mkono akatafuta mapigo muda mrefu, uso wake ukabadilika. Akanigeukia.

"Mzee, kuko dawa yoyote anakunywa kila siku?"

Mukankusi alikuwa bega kwa bega nami. Wale wawili walikuwa miguuni pa kitanda. Kopo lilikuwa linanigusa ubavu. Nikilitoa atalifungua, na pakiti itaonekana, na watasema mke wa Kamali alikuwa anazuia mimba miaka yote, tena anakula Ramadhani.

Nikasema, "Hakuna."

Akauliza tena, taratibu. "Hakuna kabisa?"

"Hakuna."

Alifanya aliyoyajua. Walimpa maji, walimfunika mablanketi, walimsugua miguu. Hawakujua wanamtafutia nini. Alikata roho kabla ya adhana ya alasiri. Mkono wake ulikuwa na unga wa mandazi wa siku ya tano, kwenye kucha.

Tulimzika jioni ileile kabla ya kufuturu.

Siku ya tatu ya matanga Védastine alikuja kutoka Nyakabuye. Wanawake walikuwa wamejaa mkekani, wanaume barazani. Alinisalimu, akaomba kuona kopo. Alifungua, akahesabu kwa macho. Akafunga.

"Papa Teta, ulibaambia lopitali juu ya hizi?"

Nikasema hapana.

Nilingoja anitukane, ingenisaidia. Alisema kwa sauti ndogo, "Sindano yake wanayo pale. Wangemchoma."

Shehe alikuwa karibu, akasikia. Aliuliza mambo, na safari hii nikayasema yote, harage, damu, pakiti, saumu. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Alisema mgonjwa asiyetarajia kupona hadaiwi saumu. Analisha maskini kwa kila siku, basi, Mungu hamtaki njaa yake. Akaniuliza kwa nini sikuja kwake.

Nikasema ilikuwa habari ya damu ya wanawake.

"Kamali," alisema, "mimi nilizaliwa na nani?"

Nikachukua kopo, nikainuka. Niliingia ndani, mahali mwanamume haingii matanga, nikasimama mbele ya mkeka. Nilitoa pakiti nikaishika juu ili kila mmoja aione. Niliwaambia ni vidonge vya kuzuia mimba, na kwamba Zulaikha alivinywa kwa amri ya daktari ili awe mwanamke kama wao. Nikamimina vyeupe kiganjani. Nikasema hivi ndivyo vilikuwa uhai wake, mimi nilimwachisha, na nilipoulizwa nilikana, mbele ya dada yangu huyu.

Hakuna aliyelia. Mukankusi alijifunika uso kwa kitenge na hakukitoa mpaka nilipoondoka. Teta alikuwa mapajani mwa Nyirabagenzi, anatazama kiganja changu. Aliuliza kama mama akivimeza sasa ataamka. Nyirabagenzi akamwambia hapana.

Mtaa bado unasema alirogwa. Ni rahisi zaidi. Nyuma ya ile nyumba wanawake bado wanakula, lakini Mukankusi hamuulizi mtu siku zake.

Kila Ramadhani nalisha watu kwa siku zile alizokula. Shehe alisema zimetosha, nami sijaacha. Kazi yangu ni ileile. Wavuvi wanaleta karabai mchana, najaza upepo, nawasha, nasikiliza. Masikio yangu si mazuri. Nyingine zinarudishwa kesho yake.